Fundi wa Maji Yanayotoroka

Bwawa la kuogelea la nyuma ya nyumba likianza kupungua, mwenyewe hulaumu jua. Huenda yuko sahihi: kwetu pwani, kaskazi ikivuma, upepo na jua hunywa maji mengi. Fundi habishi. Hujaza ndoo maji ya bwawa lilelile, akaiweka kwenye ngazi ya juu, akachora alama mbili: usawa wa maji ndani ya ndoo na usawa wa bwawa. Kesho yake hupima. Vikiwa vimeshuka sawasawa, ni jua, naye ataondoka na nauli tu. Bwawa likishuka zaidi, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Katika bwawa la mita 8 kwa 4, sentimita 1 ni lita 320. Zimekwenda wapi? Huzima pampu, akangoja maji yatulie, akazama na bomba la sindano lenye rangi. Hutoa rangi kidogo kidogo karibu na taa, kwenye maungio ya mabomba, juu ya kila ufa, amebana pumzi wala hapigi miguu, maana mtikisiko mdogo tu huharibu ushahidi. Rangi ikielea, anahama. Ikivutwa ukutani kama uzi, amelipata tundu.

Asipolipata, huziba mabomba moja moja, akayatia presha na kuikodolea macho geji. Mwingine hapo angeshashika sururu. Huyu huvunja zege mahali pamoja tu, padogo, na mwenye nyumba hulalamika kwamba bei ni kubwa kwa kishimo kama kile.