Fletcher, Fundi wa Manyoya

Majina mengi ya koo za Waingereza ni kazi za mababu. Smith alifua chuma, Baker alioka mikate, na habari yao inaishia hapo. Fletcher ana mengi zaidi ya kusimulia.

Jina lake lilitoka kwa Wanorman walioiteka Uingereza mwaka 1066. Katika Kifaransa chao cha kale, flechier ni mtengeneza mishale. Mwanzoni mtu aliitwa kwa kazi anayoifanya mwenyewe. Polepole, hasa katika karne ya 13 na ya 14, jina likaanza kurithiwa hata na mtoto ambaye hajawahi kushika kisu cha baba yake. Watazame majirani zake uone jinsi kazi ilivyogawanywa: Bowyer alichonga upinde, Stringer alisokota upote, Arrowsmith alifua kigumba, Archer ndiye aliyepiga. Sifa za vita vya Agincourt vya 1415 alizichukua huyo wa mwisho. Mimi namtaka Fletcher.

Anaanza na wano, yaani uti wa mshale. Mpopla ulipendwa kwa wepesi wake. Fundi anaupasua kwa kufuata nyuzi za mti, anapiga randa hadi kijiti kiwe mviringo, pale kilipopinda anakinyoosha kwa moto. Mkiani anachonga mkato wa kupokea upote. Lakini upinde mkubwa wa Kiingereza una nguvu ya kuupasua mti laini namna hiyo, kwa hiyo anapenyeza kibanzi chembamba cha pembe, kikikingama na mkato, ili upote usukume pembe na si mti.

Kisha anakuja bata bukini. Yanayofaa ni manyoya marefu ya bawa, na yote matatu ya mshale mmoja sharti yatoke upande mmoja, yote ya kushoto au yote ya kulia. Unyoya wa bawa umejipinda kwa asili yake. Yakipinda yote upande mmoja, upepo huuzungusha mshale nao ukashika njia. Yakichanganywa, yanashindana na mshale unayumba. Fundi anaupasua kila unyoya katikati ya uti wake, anaukwangua uti huo mpaka ubaki utepe wa kulala bapa juu ya mti, anaubandika kwa gundi. Mmoja katika hayo matatu huelekezwa mbali na upinde, na akipenda huuchagua wa rangi nyingine, ili mpigaji ajue namna ya kuupachika mshale bila kuukagua. Baada ya hapo huzungusha uzi mwembamba kutoka ncha moja ya manyoya hadi nyingine, akiupitisha katikati ya nywele zake bila kuzilaza hata moja. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Furushi la askari lilikuwa na mishale 24, na kila mmoja uliomaliza subira yote hiyo ulikuwa hewani kwa sekunde chache tu.

Wakubwa walijua thamani yake. Mwaka 1371 mafundi wa mishale wa London waliomba watenganishwe na wachonga pinde, mtu asifanye kazi zote mbili, na chama chao kipo London hadi leo. Sheria ya 1406 iliwataka wafua vigumba wapige chapa zao kwenye chuma. Mwaka 1416 watengeneza viatu vya mti walikatazwa kutumia aina ya mpopla iliyohitajiwa kwa mishale, na mwaka uliofuata Mfalme Henry wa Tano akaagiza bata bukini watoe manyoya sita kila mmoja. Bata hawakuulizwa.

Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, ikaibuliwa 1982, na katika mabaki yake ilipatikana mishale zaidi ya 3,500. Manyoya yameoza. Hata hivyo kwenye baadhi ya mawano yamebaki mabaki ya gundi na alama za uzi, mzunguko baada ya mzunguko. Vilipatikana pia vipande vya ngozi vya mviringo vyenye matundu 24, vya kuitenga mishale ili manyoya yasisagane. Mtu aliyebuni kitu kile alikuwa anaipenda kazi yake.

Mwaka 1595 serikali iliacha kuwaandikisha wapiga upinde jeshini, bunduki zikashika nafasi. Wakati huo John Fletcher, ambaye baadaye angeandika tamthilia pamoja na Shakespeare, alikuwa bado kijana, na jina lake halikuhitaji tena bata yeyote.

Sasa tahadhari kwa Fletcher wa leo anayetaka kutembea kifua mbele. Palikuwa na jina jingine, Flesher, yaani mchinjaji na muuza nyama. Makarani waliandika walivyosikia, na akina Flesher kadhaa wakageuzwa Fletcher kalamuni. Wenzao wa Uskoti ambao jina lao la Kigaeli ni Mac an Leisteir, mwana wa mtengeneza mishale, wana haki yao bila ubishi. Wa Yorkshire itambidi afungue madaftari ya kodi ya kichwa ya 1379, atazame kama babu yake alishika unyoya au paja la ng'ombe.