Mto Ndio Msimamizi: Uchambuzi wa Vikapu vya Wagenia

Anayeshuka kwa ndege Bangboka, kiwanja kilichopo kilomita 17 hivi mashariki ya Kisangani, huingia mjini mto ukiwa kushoto kwake, nao unakaribia mwisho wa safari ngumu. Kutoka Ubundu hadi Kisangani, mwendo wa kilomita 100 hivi, maji ya Lualaba, jina la Mto Kongo huku juu, hushuka takriban mita 60 kwa ngazi saba zinazoitwa Maporomoko ya Boyoma. Ngazi ya saba iko mjini penyewe, na ndiyo inayojulikana kwa jina la wenyeji wake, Wagenia. Meli zilishindwa kupita hapo, hata utawala wa kikoloni ukalazimika kujenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka maporomoko, ikafunguliwa mwaka 1906. Mahali hapo hapo palipowashinda wenye mitambo ya mvuke ndipo Wagenia walipotega. Mpelelezi Stanley alipopita Januari 1877 aliikuta mitego yao na akaieleza katika kitabu cha safari yake. Tangu wakati huo wengi wanaoandika juu yake husifu ujasiri wa wavuvi, kisha huishia hapo. Ujasiri upo, ila hautoshi kueleza kwa nini mbinu hii imedumu. Hoja ya makala hii ni kwamba imedumu kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa: katika mbio za maji ya Boyoma, kuvua samaki wachanga ni hasara kwa mvuvi mwenyewe, na kuongeza mitego ovyo hakuwezekani.

Tuanze na ujenzi. Mwamba wa maporomoko umejaa mashimo yaliyochimbwa na mto wenyewe, kazi ya mawe madogo yaliyozungushwa na maji miaka na miaka. Wagenia husimika magogo ndani ya mashimo hayo, matatu matatu, wakayaegemeza na kuyafunga pamoja juu. Kutoka utatu mmoja hadi mwingine hupitishwa boriti za kulala, zikafungwa kwa kamba za msituni, na hapo hupatikana kiunzi ambacho mtu hutembea juu yake huku maji yakipiga kelele chini. Nguzo tatu si pambo. Kitu chenye miguu mitatu hukaa imara hata penye mwamba usio sawa, kwa sababu hakuna mguu wa nne wa kubaki ukining'inia, na nguvu ya maji inayousukuma mguu mmoja hugawanywa kwa miwili iliyobaki. Kamba za msituni nazo hulegea kidogo bila kukatika, hivyo kiunzi huyumba pamoja na maji badala ya kushindana nayo. Maji makubwa yakija na kung'oa sehemu, husimikwa upya sehemu hiyo tu. Hakuna gogo moja ambalo likivunjika linaangusha kazi yote.

Kikapu chenyewe ni pia ndefu iliyosukwa kwa fito na kamba, mdomo mpana, mkia mwembamba. Huteremshwa kutoka kwenye kiunzi mdomo ukiuelekea mkondo. Msomaji wa pwani anayelijua dema atashangaa kwamba hakina kizuizi cha ndani. Dema hukaa penye maji tulivu, kwa hiyo huhitaji koo jembamba linalomruhusu samaki kuingia na kumpotezea njia ya kutoka. Kikapu cha Mgenia hakihitaji koo kwa sababu mkondo ndio mlango. Samaki anayepanda maporomoko huchoka akarudishwa nyuma na maji. Anayeshuka huchukuliwa nayo. Akishaingia, hubanwa kwenye mkia na msukumo usiokoma, na ili atoke ingempasa aogelee dhidi ya mbio zile zile zilizomshinda nje. Ndiyo maana mtego hauhitaji chambo wala mtu wa kuulinda. Asubuhi na alasiri wavuvi hupita juu ya boriti au huja kwa mtumbwi, wengine wakijitupa majini, wakavuta kamba na kuinua vikapu kimoja kimoja. Hapo ndipo nguvu nyingi inapotumika: kuinua kikapu kilichojaa maji yanayokimbia ni kazi ya watu kadhaa wanaovuta kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye nafasi kati ya fito, kwa maana hapo ndipo siri ilipo. Nafasi hizo ni pana, na samaki mdogo hupita. Mtu akiona hivyo ataweza kudhani ni huruma, au mila, au uvivu wa msukaji. Tuhesabu nguvu badala yake. Msukumo wa maji juu ya kitu kilichosimama hauongezeki sawasawa na mwendo wa maji. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Penye mbio kama za Boyoma, kila ufito unaoongezwa kwenye kikapu ni mzigo mkubwa unaohamia kwenye kamba, kutoka kamba kwenda boriti, na kutoka boriti kwenda kwenye gogo lililo shimoni. Anayesuka kikapu cha nafasi finyu apate na vidagaa anajitafutia hasara tatu. Kamba yake itakatika mapema. Kikapu chake kitakuwa kizito kuinuliwa. Na baya zaidi, maji yatakapokosa njia ya kupita ndani yatakizunguka kikapu, nayo yatamchukua samaki pamoja nayo. Kikapu kinachoziba maji hakivui. Kwa hiyo kanuni ya kuacha nafasi pana haikuhitaji kuandikwa, wala haikuhitaji askari wa kupima. Penye ziwa lililotulia, nyavu ya macho madogo haimgharimu mvuvi chochote cha ziada, na ndiyo sababu kila serikali yenye ziwa hushughulika na vita vya macho ya nyavu visivyokwisha. Hapa mto wenyewe hutoza faini, tena papo hapo.

Kizuizi cha pili ni idadi. Utatu wa nguzo husimama penye shimo, na mashimo ni yale yaliyochimbwa na maji. Mtu hawezi kununua mengine sokoni kama anavyonunua nyavu ya pili na ya tatu. Kwa kuwa mahali pa kutega panahesabika, pana wenyewe: hurithiwa ndani ya koo, na kila ukoo unajua upande wake wa mwamba. Wataalamu wa uvuvi husema tatizo kuu la maji ya wote ni kwamba samaki ambaye hukumvua leo atavuliwa kesho na jirani, basi kila mmoja hukimbilia kumvua. Kwa Wagenia mbio hizo hazina maana kubwa, kwani jirani hana pa kusimika kikapu chake isipokuwa pale alipo. Isitoshe, kiunzi ni mali ya kazi ya wengi. Kukata magogo, kuyasafirisha, kuyasimika kwenye maji yanayoua, hakuna familia moja inayoyaweza peke yake, na anayehitaji mikono ya wenzake kila msimu hawezi kupuuza makubaliano yao. Maji yanapopanda na kushuka katika mwaka, sehemu zinazovuliwa hubadilika, nayo mashimo yaliyo nje ya wakati wake hupumzika bila amri ya mtu.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, linatoka kwa wanabiolojia. Mtego unaowaachia wadogo na kuwashika wakubwa hauwi mwema kwa sababu hiyo peke yake, kwa kuwa jike kubwa ndilo linalotaga mayai mengi kuliko yote. Mfano uko karibu. Samaki anayeitwa kapiteni Kisangani ndiye huyo huyo sangara wa Ziwa Victoria, Lates niloticus. Tofauti ni kwamba katika Mto Kongo ni mwenyeji, na Victoria alipelekwa na watu katikati ya karne iliyopita. Nchi zinazolizunguka ziwa hilo zilipopanga kanuni ya kuvua sangara, zilikubaliana viwanda vipokee walio kati ya sentimita 50 na 85 tu: walio chini waachwe wakue, walio juu waachwe watage. Kikapu cha Wagenia kinatimiza nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuivunja nusu ya pili. Hilo ni kweli. Lakini samaki hukingwa kwa njia mbili, kwa ukubwa wake au kwa mahali alipo. Viunzi hushika kingo na vichwa vya miamba. Penye kina na mkondo mkuu hakuna gogo linalosimama. Kapiteni mkubwa au mbenga mwenye meno yake anayepita katikati hukutana na maji matupu. Ulinzi ambao Victoria waliutafuta kwa rula, Boyoma unapatikana kwa upana wa mto. Na kwa kuwa ulinzi huo unategemea upana, unaweza pia kupotea, kama pingamizi la pili linavyoonyesha.

Pingamizi hilo linatoka Mekong. Kwenye maporomoko ya Khone, kusini mwa Laos, wavuvi nao walijenga mitego mikubwa ya miti na mianzi juu ya mwamba, mahali pa kurithiwa, na samaki wakiletwa na mkondo. Hata hivyo mitego ile ilishutumiwa kwa kuwazoa samaki wa kila ukubwa wanaohama, na baadhi yake ikaondolewa bwawa la Don Sahong lilipojengwa. Je, basi mwamba na mkondo havitoshi? Havitoshi vikiwa peke yake. Mtego wa Khone ni sakafu iliyoinama ambayo maji huipanda na kuchujika chini yake, samaki akabaki juu. Kwa hiyo mianzi iliyobanana haizuii kazi, bali huisaidia. Tena uliwekwa kwenye vijito vyembamba ambavyo ungeweza kuviziba karibu vyote. Boyoma kikapu kinaning'inia ndani ya mkondo ulio mpana kukishinda mara nyingi. Mfano wa Mekong hauvunji hoja, unaiwekea mpaka: mbinu hujizuia yenyewe pale tu ambapo kuziba kunamdhuru mvuvi na mto umebaki mkubwa kuliko vifaa vyote vilivyomo.

Wa tatu watasema: maneno mazuri, ila samaki wamepungua, na wavuvi wenyewe wanalalamika. Kama mbinu inahifadhi, mbona vikapu vinapanda vitupu? Jibu ni kwamba kikapu hakina mamlaka juu ya maji yaliyo nje yake. Wengi wa samaki wanaonaswa hapo hawazaliwi wala kukulia kwenye maporomoko. Hutegemea misitu inayofurika, vijito na ghuba za juu na chini ya mji. Huko ndiko zinakovutwa nyavu za macho madogo, pamoja na vyandarua vya mbu, na hakuna mkondo wa kuwatoza faini wanaozivuta. Mji nao umekua, na walaji wameongezeka. Kuulaumu mtego wa Wagenia kwa upungufu huo ni kumlaumu bawabu kwa wezi waliopitia dirishani. Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini uzito wa kanuni hauwekwi huko kwenye maji tulivu, ambako pasipo sheria hakuna kingine kinachozuia.

Wako pia wanaotaka kuleta maendeleo kwa kuondoa miti na kuweka chuma, kutoboa mwamba kwa mashine, na kuzidisha viunzi. Hapa inafaa kutenganisha mambo. Kubadilisha kamba ya msituni kwa ya nailoni, kuwapa wavuvi majaketi ya kuokolea, kupata barafu na majiko bora ya kukaushia ili samaki asioze kabla ya kufika sokoni, hayo yote yanaongeza kipato bila kugusa idadi ya mitego. Hata miti inahitaji mpango, maana msitu ulio karibu na mji unakatwa kwa makaa na mashamba, na gogo refu lililonyooka linafuatwa mbali. Lakini kutoboa mashimo mapya ni jambo la namna nyingine kabisa. Siku mtu atakapoweza kusimika nguzo popote apendapo, mwamba utaacha kuwa mpaka, urithi wa koo utapoteza thamani, na mbio za kila mtu kumtangulia jirani zitaanza. Teknolojia ingeonekana imeongeza uvuvi kwa misimu michache, kumbe imeondoa kile kilichokuwa kikiuweka hai.

Hilo linafika hadi kwenye umeme. Juu ya mto, kwenye barabara ya Lubutu inayopita upande wa Bangboka, kuna mradi unaozungumzwa wa bwawa la Wanie-Rukula. Kisangani inahitaji umeme, na hakuna mwenye akili atakayebisha. Wapangaji wakumbuke Celilo, maporomoko ya mto Columbia nchini Marekani, ambako wenyeji walivua samoni kwa nyavu za mikono juu ya majukwaa ya mbao kwa maelfu ya miaka. Malango ya bwawa la The Dalles yalipofungwa tarehe 10 Machi 1957, maporomoko hayo yalizama kwa saa chache. Wanie-Rukula iko juu ya ngazi ya saba, haiwezi kuizamisha. Inachoweza kufanya ni kubadili kupanda na kushuka kwa maji, na hicho ndicho kinachoamua shimo lipi livuliwe na lipi lipumzike. Upimaji wa mradi wowote wa aina hiyo uwahesabu Wagenia kama watumiaji wa mkondo: mahali pao pa kutega pachorwe kwenye ramani pamoja na majina ya koo, utoboaji wa mwamba upigwe marufuku, na mtiririko unaoachiwa na bwawa upangwe kwa kufuata misimu ya mto. Serikali imezoea kuwatazama kama kivutio cha watalii kinachostahili picha na ada ya kiingilio. Ukweli ni kwamba wanaendesha mfumo wa usimamizi wa samaki usioigharimu hazina hata faranga moja, na kazi iliyobaki kwa dola ni kuuachia mto uendelee kuusimamia hapo ulipo, kisha kuweka askari wake kule ambako mto hauwezi.