Mkono Uliozijua K na Z

Kabari za Linotype, vyuma vinavyotenga maneno katika mashine ya kupanga herufi za chapa, husuguliwa juu ya ubao uliopakwa grafaiti, moja moja, pande zote mbili. Ndivyo nilivyomkuta fundi mmoja mstaafu wa kiwanda cha chapa akifanya katika karakana yake jijini Nairobi, akiifufua mashine iliyolala miaka mingi chini ya turubai. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kila siku. Kabari ikiachwa chafu, risasi huganda juu yake, hukwaruza kuta za vikalibu vya shaba vinavyoziumba herufi, na hatimaye kila mstari hutoka na vinywele vya wino katikati ya herufi. Chukua gazeti kuukuu ulitazame kwa makini. Ukiviona vinywele hivyo, ujue kuna aliyeupuuza ubao wake.

Kwetu Kinakomba tulijifunza thamani ya chapa ya risasi kwa maji. Mto Tana ulipofurika kwa mvua za El Nino za mwaka 1997, kitabu cha nyimbo cha bibi kililowa sandukuni mpaka jalada likabanduka. Tulipokianika, kurasa zilijikunja, lakini herufi hazikusogea hata kidogo. Ukipitisha kidole upande wa nyuma wa ukurasa ulizisikia zimechomoza, kwa kuwa risasi haikugusisha wino tu, iliuma karatasi. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa na tabia ya kuupapasa ukurasa kabla ya kuanza kuimba. Siku hizi barua iliyochapwa saiberi ikinyeshewa njiani, huenda ikafika doa tupu.

Mashine yenyewe ilibuniwa na Ottmar Mergenthaler, fundi saa Mjerumani aliyehamia Marekani, na mwaka 1886 ikaanza kazi katika gazeti la New York Tribune. Huko nyuma herufi ziliokotwa moja moja kwa vidole. Mashine yake ilivipanga vikalibu, ikavimiminia risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni, ikatoa mstari mzima ungali wa moto. Kisha, na hapa ndipo ningeweza kukaa kutwa nikitazama, ikarudisha kila kikalibu kwake. Kikalibu cha kila herufi kimechongwa meno ya namna yake. Husafiri kikining'inia kwenye reli mpaka mahali ambapo meno hayana tena pa kushika, nacho hudondoka kwenye njia yake.

Lakini mashine hii ilizaliwa ikijua Kiingereza. Vitufe vyake vilipangwa kwa kufuata herufi zinazotumika zaidi katika lugha hiyo: e, t, a, o, i, n safu ya kwanza. K ikatupwa safu ya nne, z ikaishia ya tano. Haya, andika “kazi” hapo. Andika “watakapowatazama”, neno moja lenye a saba, na vikalibu vya kila herufi ni vya kuhesabu. Waliopanga magazeti ya Kiswahili enzi za risasi ilibidi wafundishe vidole vyao mwendo ambao mbunifu hakuuwazia. Na hakukuwa na kitufe cha kufuta. Ukikosea, unatelezesha vidole juu ya vitufe kuujaza mstari na takataka, unaumimina, unautupa urudi kwenye chungu. Sentensi ilikuwa na uzito wa kupimwa, ndiyo maana ilifikiriwa kabla ya kuguswa. Leo tunachapa kwanza, tunafikiri tukishalaumiwa.

New York Times lilipoiaga Linotype mwezi Julai 1978, usiku ule wa mwisho ulirekodiwa kwenye filamu, mikono ya wapangaji ikionekana kazini. Filamu ya mikono iliyopanga Kiswahili sijaiona, ingawa gazeti la Baraza pekee lilitoka Nairobi kila wiki tangu 1939 kwa miongo minne.

Fundi wangu hana wasiwasi na vyuma. Kilichovunjika atakichonga kwa tupa, kilichopotea atakiagiza ng'ambo. Anachotafuta ni mzee aliyewahi kupanga Kiswahili, akae kwenye kiti kile walau asubuhi moja vijana wamtazame vidole. Ameulizia River Road, ameulizia Mombasa, akaambiwa huyu amefariki, yule kapooza mkono. Wanaompigia hodi ni wanunuzi wa vyuma chakavu, mizani begani, wakitaka kujua shaba ile ni kilo ngapi.