Taarifa ni Mali ya Umma: Somo la Mto Ruaha kwa Makada

Mwongozo wa TANU wa 1971 unakumbukwa zaidi kwa kukemea majivuno na uonevu wa viongozi. Lakini Mwongozo huo ulisema pia kwamba pale uamuzi wa wananchi unapohitaji habari walizonazo viongozi na wataalamu peke yao, ni wajibu wa viongozi na wataalamu hao kuwapa wananchi habari hizo. Wajibu huo una pande mbili. Upande wa kwanza ni kutoa habari. Upande wa pili, ambao makada wengi huusahau, ni kuzipima kabla ya kuzitoa. Kada anayekwenda kijijini na hoja asiyojua ilikotoka ni mchukuzi wa gunia lililoshonwa: hajui kama amebeba mbegu au pumba.

Ili tusizungumze hewani, tuichambue hoja moja iliyotawala nchi yetu kwa miaka mingi, nayo ni hoja ya kukauka kwa mto Ruaha Mkuu.

Madibira iko wilayani Mbarali, upande wa mashariki wa tambarare ya Usangu, mahali ambapo Mbeya inapakana na Iringa. Mashamba ya mpunga ya mradi wa Madibira, yapatayo hekta 3,000, hupata maji ya mto Ndembera, ambao hushuka kutoka nyanda za juu za Iringa na kuingia katika oevu la Ihefu. Maji ya Ihefu hutokea penye kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, kisha Ruaha Mkuu hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera na kuendelea hadi Kidatu. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto ulio mbele yake hukosa maji.

Mwaka 1993 mto huo ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na hali hiyo ikajirudia katika miaka iliyofuata. Wakati huohuo, kuanzia 1992, nchi ilikuwa imeingia katika mgao wa umeme. Mambo hayo mawili yakafungwa kwa kamba moja. Ikasemwa: umeme umekatika kwa sababu mto umekauka, na mto umekauka kwa sababu ya ng'ombe wa wafugaji na majaruba ya wakulima wa Usangu. Hoja ilikuwa nyepesi kubeba, ikabebwa.

Tuipime. Bwawa ni kama ghala la mpunga: hujazwa wakati wa mavuno, huliwa wakati wa njaa. Mtera ilijengwa kuhifadhi maji ya masika ili Kidatu ipate maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Maji ya kiangazi yaliyokuwa yakipita Ng'iriama, hata katika miaka mizuri, yalikuwa kidogo mno kuijaza Mtera. Basi kukauka kwa mto kiangazi ni msiba wa kweli kwa samaki, viboko na watu walio kando ya mto, lakini hakutoshi kueleza upungufu wa umeme mijini. Uchambuzi wa mfumo wa Mtera na Kidatu uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba uendeshaji wa mabwawa hayo mawili bila uratibu mzuri ulikuwa na sehemu yake katika upungufu huo. Jambo hilo halikuhusu ng'ombe wala majaruba.

Na nani aliyeyapunguza maji ya kiangazi? Utafiti wa SMUWC, uliofanyika Usangu kati ya 1998 na 2001 kwa fedha za Uingereza, ulionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yaliyoendelea kuchepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi. Haukuwaona ng'ombe kuwa ndio waliokausha mto.

Matokeo hayo yalikuwepo. Hata hivyo, mwaka 2006, katika ukame na mgao mkali wa umeme, operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu ilianza. Mifugo mingi sana ikaswagwa na kusafirishwa kwenda mikoa ya kusini na Pwani. Familia zikapoteza mali. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nchi ilikuwa imeahidi mwaka 2001 kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika na kupita. Wafugaji waliondolewa, na mto ukaendelea kukauka kiangazi. Hoja hupimwa kwa matokeo yake, na hoja hii ilipimwa kwa gharama ya wanyonge.

Kosa la kifikra lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kudhani kwamba neno likirudiwa na wengi limethibitishwa. Hotuba iliandikwa gazetini; taarifa ikanukuu gazeti; hotuba iliyofuata ikanukuu taarifa. Watu kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Wakati huohuo vipimo vya maji vilibaki katika vitabu vinene, sehemu kubwa kwa Kiingereza, makabatini mwa wataalamu na wafadhili. Mfugaji aliyeshtakiwa na mkulima aliyelaumiwa hawakuwa na namna ya kuvisoma wala kuvijibu.

Tusiangukie kosa la upande wa pili. Wapo wanaodhani kumtetea mnyonge ni kukubali kila asemalo. Mkulima wa mpunga akisema mfereji wake hauna athari yoyote kwa mto, naye apimwe kwa vipimo vilevile. Vipimo vinaonyesha kwamba mifereji ya kiangazi ina athari kubwa. Ukweli haufuati tabaka la msemaji. Tunachodai kwa ajili ya mnyonge ni kwamba asihukumiwe kwa habari asizozijua.

Kwa hiyo kada anapopokea taarifa yoyote ajiulize maswali manne. Kwanza, msemaji ameona mwenyewe, amepima, au amesikia? Pili, ana faida gani hoja hii ikikubaliwa? Shirika la umeme, mwenye hoteli ya watalii, mfadhili, mwenye shamba kubwa na mwenye ng'ombe, kila mmoja ana maslahi. Maslahi hayafanyi neno kuwa uongo, ila yanatulazimu kutafuta shahidi wa pili. Tatu, je, shahidi huyo wa pili amejionea, au amenukuu kwa yule wa kwanza? Nne, kama hoja ni kweli, tutegemee kuona nini, na je, tumekiona?

Chama kinazo nyenzo za kutimiza wajibu huu. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa mujibu wa sheria ya 1982. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ipo tangu 2016. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, si mbali na Madibira. Linalotakiwa ni makada wa matawi kudai kwamba vipimo vya Ndembera na Ng'iriama vibandikwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, mwezi kwa mwezi, kabla ya kiangazi na wakati wa kiangazi, na visomwe kwa sauti mkutanoni mbele ya wakulima na wafugaji wote. Atakayevipinga aje na vipimo vyake. Kijiji kinachojua kina cha maji yake hakihitaji kungoja kuambiwa na mtu wa mbali nani mwizi wa maji hayo, na kiongozi anayetaka kukidanganya atalazimika kwanza kuufuta ubao.