Nyenje Wanaosema Tk

Mhakiki mkali kuliko wote hapa Fedha ni mpwa wangu, na ana miaka minne. Juzi alikuwa anatazama katuni fulani kwa simu: msitu, usiku, nyenje wanalia. Kila baada ya sekunde nane hivi nyenje walikatika, tk, kisha wakaanza upya. Kufikia jioni alikuwa anazunguka sebuleni akiimba, "Kriii, kriii, tk!" Kwake hiyo tk ni mnyama mmojawapo wa msituni.

Hapo ndipo ninapogombana na katuni zetu nyingi. Picha tunaisifu, wimbo tunausifu, lakini ile sauti ya chini inayojirudia, mvua, soko, nyenje, tunaichukulia kama godoro: bora ipo.

Na kasoro yenyewe si uchawi. Wimbi la sauti likikatwa likiwa juu, likaunganishwa na mwanzo ulio chini, spika inaruka. Dawa ni kukata pale wimbi linapopita sifuri, ama kuufifisha mwisho huku mwanzo ukipanda juu yake. Kisha hifadhi kwa WAV, kwa sababu MP3 huongeza ukimya kidogo kwenye ncha za faili, na lupu safi inapata pengo. Mdundo nao una hesabu zake. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne ni sekunde 2, yaani fremu 48 katuni ikienda fremu 24 kwa sekunde. Ukichagua mapigo 100, pigo moja ni fremu 14.4. Hiyo nukta nne, mguu wa mhusika utaikanyaga vipi?

Lakini ufundi pekee hautoshi. Kuna lupu zisizo na mshono na bado zimekufa. Mbwa akibweka ndani ya lupu ya sekunde tano, mara ya tatu mtazamaji ameshamzoea kama mbwa wa jirani. Afadhali lupu mbili, moja ya sekunde 7, nyingine ya sekunde 11, zichezwe pamoja. Hazitaanza tena kwa pamoja hadi sekunde 77 zipite, na kufikia hapo hadithi imesonga.

Si ati kujirudia ni kubaya. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa hapa Nairobi na Homeboyz na kuonyeshwa CBeebies ya Uingereza kuanzia 2010, inarudia swali la aina moja kila kipindi: mbona mnyama huyu yuko hivi? Watoto hawachoki, na nyimbo za Eric Wainaina zinawabeba. Nenda hata kwenye isukuti ya Waisukha na Waidakho: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazunguka, na mwimbishaji anaweza kuingia kabla waitikiaji hawajamaliza. Mshono umefunikwa na pumzi ya mtu. Hiyo mbinu tulikuwa nayo kabla ya kompyuta.

Usiku mmoja mvua iliponyesha niliirekodi ikipiga mabati, nikaiunganisha vizuri, nikamchezea mpwa wangu. Alisikiliza dakika nzima, kisha akauliza, "Tk iko wapi?"

Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto hatazami katuni mara moja. Anaitazama mara hamsini. Kosa tulilomwachia kwa uvivu, yeye amelijifunza kama dunia ilivyo.