Mshipa, Mjumbe na Tarishi

Kazi ya Paul Greengard, mwanabiokemia wa Marekani aliyeishi kati ya 1925 na 2019, ni kipimo kizuri cha istilahi zetu za neva. Mwaka 2000 yeye, Arvid Carlsson na Eric Kandel walitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa kuchunguza jinsi seli za neva zinavyopelekeana habari. Fungu lake la fedha alilitoa kuanzisha tuzo ya wanasayansi wanawake, yenye jina la mama yake aliyefariki akimzaa.

Greengard alionyesha kwamba dopamini itokayo seli moja hutenda kazi bila kuingia seli ya pili. Hushika kipokezi kilichoko kwenye utando wake. Kisha, huko ndani, kemikali nyingine huamsha kimeng'enya, nacho huzitia protini fosfeti na kubadili mwenendo wa seli.

Mfasiri atumiaye “mshipa wa fahamu” atashindwa kuyaeleza hayo. Mshipa, kwa Waswahili, ni njia ya damu, na pengine ni maradhi. Msomaji huona bomba lisilokatika, ilhali baina ya seli na seli pana mwanya. Mgonjwa wa Parkinson, ambaye seli zake zitengenezazo dopamini zinakufa, akiambiwa katika zahanati ya Mbagala kwamba mshipa wake ni mbovu, aweza kwenda kwa mkandaji na kuacha vidonge. Kwa hiyo twashauri “neva” lishikwe.

Je, kemikali hizo mbili tuziiteje? “Mjumbe” lina asili njema, na methali yasema mjumbe hauawi. Lakini kwa mkazi wa Tandale au Temeke, mjumbe ni kiongozi wa shina, asikilizaye ugomvi na kusuluhisha. Dopamini haisuluhishi neno. Twaona “tarishi” lafaa zaidi, kwani tarishi wa ofisini hufikisha barua mlangoni bila kuifungua. Basi dopamini iwe tarishi wa kwanza, na kemikali ya ndani tarishi wa pili.

Upungufu upo: tarishi wa kwanza mmoja aweza kuzalisha matarishi wa pili wengi, jambo lisilotokea ofisini. Hilo mwalimu hana budi kulieleza.

Tunawaomba walimu wa Kinondoni na Temeke wawape wanafunzi maelezo kwa istilahi zote, kisha wawaagize wachore seli mbili zikiwasiliana. Michoro hiyo itatuonyesha ni neno gani limeacha mwanya mahali pake.