Sauti ya Bwana na Sauti ya Boi: Muhula Mmoja wa Kusoma Kiswahili cha Kongo mjini Bunia

Nia ya makala hii ni kuhakiki matini mbili za Kiswahili zilizozaliwa na nchi ya Kongo, pamoja na namna tulivyozisoma kwa muhula mmoja katika darasa la fasihi na utamaduni mjini Bunia. Matini ya kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe. Ya pili ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, andiko la André Yav la mwaka 1965. Kwa kuwa mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa hilo, hawezi kudai kwamba anazungumza kutoka mbali.

Kwanza hapana budi kueleza mazingira ya usomaji wenyewe. Kwetu Kongo, mtu akisema amesoma umanite ana maana ya madarasa ya juu ya sekondari, yale yanayoishia kwenye mtihani wa dola. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba chuoni tutasoma tena elimu ya namna hiyo, wengine walidhani wamerudishwa nyuma. Muhula nao ni jambo jipya kwetu, kwani ni mfumo wa LMD, uliofanywa kuwa wa lazima katika vyuo vya nchi hii tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, ndio uliogawa mwaka wetu vipandevipande. Kilicho muhimu zaidi ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja kati ya lugha nne za taifa. Darasani tafsiri ya jambo hilo ni kwamba matini zilikuwa za Kiswahili, maelezo yakawa ya Kifaransa, na mabishano ya kweli yakangoja tutoke nje, chini ya miti, ambako kila mtu alirudia Kiswahili cha mji.

Tuanze na Tippu Tip. Aliandika habari zake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazihamishia katika herufi za Kirumi na kuzichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla mwenyewe hajafariki Zanzibar mwaka 1905. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Wahakiki wengi huzihesabu kuwa mwanzo wa tawasifu katika lugha yetu, na kwa upande wa fani wana haki ya kuzisifu. Masimulizi yanakwenda mbio. Kitenzi kinasukuma kitenzi, msafara unaondoka, unafika, unapigana, unapata. Hakuna pambo la bure. Mwandishi anajua bei, uzito, deni na jina la aliyemdai. Pembe zinapimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16, na hata tajiri wa Unguja aliyetoa mali kwa mkopo anakumbukwa kwa heshima.

Lakini wabebaji wa pembe hizo hawapati nafasi ya kunena. Hapa ndipo darasa letu lilipogawanyika. Kuna sehemu mashuhuri ambapo Tippu Tip anajidai kuwa na damu ya ukoo wa watemi wa Utetera kupitia mwanamke aliyetekwa zamani, na kwa hila hiyo mtemi mzee anamwachia utawala. Mwenzetu mmoja alicheka sana, akausifu ujanja huo kama tunavyousifu wa sungura katika ngano. Mwanafunzi mwingine, dada mkimya wa kiti cha nyuma, akauliza: "Na ule mama, yeye alisemaka nini?" Asistanti wetu alijibu kwamba swali hilo liko nje ya matini. Naona hakujibu vema. Mwanamke huyo anatajwa ndani ya matini. Anatumika kama hati ya kumiliki watu na ardhi, kisha anaachwa bila neno. Kimya chake ni sehemu ya fani ya kazi hii sawasawa na mwendo wake wa mbio.

Tena swali lile halikuwa la kitabuni tu. Katika Ituri, nani ni wa ukoo gani na ardhi ni ya nani ni mambo yaliyoua watu wengi sana katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mauaji yalirudi kuanzia mwisho wa 2017. Kwenye madawati yetu walikaa watoto wa familia zilizokimbiana. Mtu aliyebuni ukoo ili atawale si sungura machoni pa wote. Darasa lilinyamaza, asistanti akafungua ukurasa mwingine. Nadhani hiyo ndiyo saa tuliyoikaribia zaidi elimu ya utu, na tuliiacha ipite.

Aidha kuna deni la historia ambalo halikutajwa hata mara moja muhula mzima. Mwaka 1887 msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha ulipopenya msitu wa Ituri, uliwakuta humo wafanyabiashara wa pembe wenye bunduki, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, pamoja na watu wao wa Manyema. Mwaka huohuo Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Leopold II huko Stanley Falls, mji ambao leo ni Kisangani. Lugha iliyoitwa Kingwana iliingia katika nchi hii kwa njia za misafara ya namna hiyo, kabla ya wamisionari na wakoloni kuikuta na kuitumia kwa shabaha zao. Tukimsoma Tippu Tip pale Bunia, tunamsoma mmoja wa watu walioileta lugha ya nyumbani kwetu. Kumfundisha kana kwamba ni mwandishi wa pwani tu ni kuondoa nusu ya maana yake.

Matini ya pili ni tofauti kabisa. Yav aliandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, mwaka mmoja kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi. Andiko lenyewe ni kurasa thelathini na ushei zilizopigwa kwa taipureta. Jina lake la Kifaransa linadanganya, maana si orodha ya msamiati. Ni historia ya mji na ya kazi, iliyosimuliwa na wale walioitwa maboi, watu waliowajua Wazungu kutoka jikoni, chumba cha kulia na kamba ya kuanikia nguo. Johannes Fabian alilitoa kitabuni mwaka 1990, na baadaye likawekwa kwenye intaneti, ambako sisi tulilipata na kulichapa katika duka la fotokopi.

Tuliagizwa tulisome nyumbani kimyakimya. Tulirudi mikono mitupu. Maneno yamegawanywa mahali pasipotarajiwa au yameunganishwa, Kifaransa kimeandikwa kama kinavyosikika, na nukta hazisaidii sana. Basi mwenzetu mmoja aliyekulia Lubumbashi akaanza kulisoma kwa sauti, na baada ya sentensi mbili tatu tukawa tunaelewa, tena tunacheka na kuguna. Baadaye tulijifunza kwamba Fabian mwenyewe alilazimika kufanya hivyohivyo: Kalundi Mango alimsomea andiko lote kwa sauti, ndipo likafunguka. Hili ni jambo la kinadharia wala si la bahati. Andiko la Yav liko katikati ya fasihi simulizi na fasihi andishi. Karatasi imehifadhi sauti, na anayelitazama kwa macho peke yake hasomi kitu.

Sasa tazama tulichofanya nalo. Ubaoni ilichorwa jedwali tunayoifahamu wote: upande mmoja fani, upande mwingine maudhui. Tulijaza wahusika, mandhari, mtindo, dhamira, falsafa na ujumbe. Kwenye ujumbe tuliandika kwamba ukoloni ulikuwa mbaya. Kwenye mtindo tuliandika "dosari nyingi za tahajia". Sikatai kwamba mbinu hii ya uhakiki, iliyoenea kutoka vyuo vya Tanzania, imewafundisha wanafunzi wengi nidhamu ya kutazama kazi kwa utaratibu. Lakini ilikusudiwa hasa riwaya, tamthiliya na mashairi. Kwa Yav ilituzuia kuuliza maswali yaliyo mbele ya macho: "sisi" anayesimulia ni nani hasa, ni mtu mmoja au chama kizima? Kwa nini aliandika mwaka 1965, Katanga ikiwa imetoka katika jaribio la kujitenga lililokoma mwaka 1963? Kwa nini wakati unarukaruka katika masimulizi yake, wakati Tippu Tip anakwenda kama msafara? Wala simtetei Yav kwa kila jambo. Anarudia mno, na ile "sisi" yake ya chama pengine inameza kutokubaliana kwa wanachama wenyewe. Ila makosa hayo yanastahili kujadiliwa kama makosa ya mwandishi, si kama ugonjwa wa lahaja yake.

Asistanti wetu alikuwa na hoja yake, na ni haki kuitaja. Alisema mwanafunzi wa Bunia akienda Dar es Salaam au Nairobi hatapimwa kwa Kiswahili cha sokoni, bali kwa Kiswahili sanifu. Ni kweli. Makala hii yenyewe imeandikwa kwa sanifu. Sikuthubutu kuiandika kwa lugha ninayonunulia sombe. Ninachopinga ni kudhani kwamba sanifu inajengwa kwa kuidharau ile nyingine. Mtihani wa mwisho wa muhula ulituuliza, kwa Kifaransa, tuorodheshe sifa tano ambazo kwazo Kiswahili cha Kongo "kinapotoka". Niliandika batu kwa watu, kitabu yangu kwa kitabu changu, tunasomaka kwa huwa tunasoma, na nyingine mbili. Nilipata 14 juu ya 20 kwa kuorodhesha makosa ya mama yangu.

Likizo ilipoanza nilimsomea babu yangu kurasa za Yav. Ujanani, kabla ya uhuru wa 1960, babu alikuwa boi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa migodi ya Kilo. Alisikiliza siku mbili, jioni jioni, akinisahihisha mahali nilipotenganisha neno vibaya, ingawa Kiswahili cha Katanga si chake. Mahali pengine alicheka kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mwishoni nilimwuliza anaonaje. "Uyu mutu alikuwaka boi kweli," alisema. Kisha akafikiri kidogo, akauliza: "Ile mashini ya kuandika, ilikuwaka ya nani?"

Katika muhula mzima hakuna aliyeuliza hivyo, wala jedwali letu halikuwa na nafasi ya swali hilo. Nilirudi kwenye nakala yangu ya fotokopi, nikazitazama upya herufi zile za taipureta, pale zilipokolea na pale zilipofifia.